Pazia la Plasta

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Pirenei,
upo ukuta mrefu ubavuni mwa kanisa
ambapo kila mtoto hupiga mpira kwa kiganja kitupu
mpaka vidole viumuke kama mkate.
Garazi, binti yangu, miaka tisa,
hakuwahi kuudaka.
Ama alifumba mkono mapema,
ama aliufumba mpira ukiwa umekwisha kumpiga kifuani.
Wakamwita Mikono ya Siagi.
Nami, Mungu anisamehe, siku moja nilicheka nao.

Daktari Itsaso wa Donostia hakuitazama mikono.
Alituvika miwani ya giza, akaweka mezani picha ya nzi,
nzi mkubwa wa kutisha. "Mshike bawa."
Garazi akagusa karatasi.
Mimi nilibana hewa, juu kabisa ya meza,
bawa lisilokuwepo,
na hapo ndipo nilipojua
ninacho kitu ambacho sikumzalia mwanangu.

"Inua kidole. Fumba jicho hili. Sasa lile."
Kidole kikaruka kama panzi,
kushoto, kulia, nami sijakisogeza.
Macho mawili, akasema, ni mashahidi wawili
waliosimama pembe mbili za njia moja:
hawasemi lile lile, na hakuna anayedanganya.
Ubongo ndiye hakimu. Hupima wamepishana kiasi gani,
na hukumu yake
ndiyo tunayoiita umbali.

Hakimu wa Garazi alichoka na kesi.
Jicho la kushoto lilikwenda kengeza,
ushahidi ukapishana mno,
akamfukuza shahidi mmoja barazani.

Macho hayana pazia, husema watu.
La mwanangu lilipata: plasta juu ya jicho zima,
saa mbili kila jioni, ili lile vivu lilipe kodi.
Alilia. Alijikwaa kwenye ndoo za maziwa.
Nami nilikamua huku nikiwatazama kondoo
kwa namna ambayo sikuwahi kuwatazama.

Kondoo ukimnyatia kwa nyuma amekwishakuona.
Macho yake yako ubavuni, mboni imelala
kama mwanya wa sanduku la posta;
karibu dunia nzima imo humo,
ila umbali anaupata mbele ya pua tu,
kwenye ukanda mwembamba. Usalama una bei yake.
Beltz, mbwa wetu, anaona kidogo kuliko yeye,
lakini anajua kondoo yuko hatua ngapi.
Bundi wa ghalani hawezi kuzungusha macho,
basi huzungusha shingo,
hukipandisha kichwa, hukishusha,
anampima panya kama fundi anayepima ubao.
"Na huyu?" akauliza Garazi. Vunjajungu, dirishani.
Huyu pia, nikamwambia, kama daktari alivyoniambia:
kwa ubongo mdogo kuliko punje ya mtama
anajua nzi amefika mahali pa kudakwa.
Garazi akanyamaza.
Nilitamani kuyameza maneno yangu.

Baadaye ukaja uzi wenye shanga tatu,
ncha moja kitasani, ncha nyingine puani pake.
Tazama ule wa njano. Tazama. Tazama.
Mwezi wa kwanza, uzi. Mwezi wa pili, uzi.
Kisha usiku mmoja akapiga ukelele:
"Mama, yameharibika zaidi! Nyuzi ni mbili,
zinakatana kwenye ushanga!"
Nikampigia daktari, mkono ukitetemeka.
Itsaso akacheka hadi akakohoa.
Zinatakiwa kuwa mbili, akasema.
Shahidi amerudi mahakamani.

Jana alikwenda ukutani.
Eneko, wa muoka mikate, alipiga kwa nguvu,
mpira ukagonga jiwe, ukaja,
na haukudakwa. Watoto wakacheka kama kawaida.
Ila mimi nilikuwa nimesimama kando na ndoo yangu,
nikaona: kabla haujamfikia,
Garazi alirudi nyuma hatua moja,
mikono usoni.
Aliuogopa.
Hakuwahi kuuogopa.